Kikao cha Jumamosi: Roma kabla ya makaisari

Habari za jioni wapendwa. Kikao kimesogezwa: si Ijumaa tena, ni Jumamosi saa 10 jioni, ukumbi uleule wa maktaba.

1. Mchango ni shilingi 3,000 (chai na kudurufu makala). Mpeni mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku.

2. Someni kuanzia wafalme saba hadi mwaka 509 KK, ambapo kwa mapokeo Tarquinius Superbus, mfalme wa mwisho, alifukuzwa na jamhuri ikaanza. Romulus, mwanzilishi wa Roma katika hadithi, na mbwa mwitu aliyemnyonyesha tutawapitia mbiombio, ni hadithi tamu tu.

3. Mjadala wenyewe: kwa nini makonsuli (viongozi wakuu wa jamhuri) wawili, tena wa mwaka mmoja, na kila mmoja aweza kumzuia mwenzake? Halafu mwaka 494 KK makabwela wakagoma, wakauhama mji hadi wakapewa watetezi wao, matribuni. Mgomo huo peke yake unatosha kikao kizima!

4. Natafuta wa kutueleza Sheria za Vibao Kumi na Viwili, sheria za kwanza za Roma kuandikwa (451–450 KK), dakika 10 tu. Nani yuko tayari?

Tafadhali jibuni "nipo" au "sipo" kabla ya kesho saa 6 mchana, mama wa chai anataka idadi.