Mwalimu wa Same aliyepigania kura za weusi wa Mississippi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongezee neno kwenye makala mliyochapa kuhusu harakati za haki za kiraia za Wamarekani weusi. Mwandishi amewataja Martin Luther King na Rosa Parks, na amewaeleza vizuri. Lakini yupo mmoja aliyeachwa, na kwetu sisi wa Same kuachwa kwake kunauma, kwa sababu mtu huyo aliishi hapa hapa. Alifundisha hisabati Same kuanzia 1969 hadi 1976, na watoto wake watatu kati ya wanne walizaliwa Tanzania. Jina lake ni Robert Parris Moses, na kwao wanamwita Bob Moses. Alifariki Julai 25, 2021, akiwa na umri wa miaka 86.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Nilipohamishiwa wilaya hii yeye alikuwa ameshaondoka siku nyingi, kwa hiyo sikumwona kwa macho yangu. Nimemjua kwa kumsoma, na kila nilipozidi kusoma nilizidi kushangaa kwamba tumekaa na mtu wa namna hii karibu nasi, halafu leo ukiwauliza vijana wa mji huu hawana habari naye.

Moses alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1935, katika familia ya kawaida. Akasoma falsafa, akapata shahada ya uzamili Harvard, akaajiriwa kufundisha hisabati katika shule ya binafsi ya watoto wa wenye uwezo. Maisha yake yalikuwa yamenyooka. Mwaka 1960 akaona gazetini picha za wanafunzi weusi waliokaa kwenye meza za mgahawa wa wazungu kule Greensboro, wakakataa kuondoka. Nyuso zile hazikumtoka akilini. Likizo ilipofika akaenda kusini, na huko katika jimbo la Mississippi akakutana na Amzie Moore, mfanyakazi wa posta aliyekuwa pia na kituo cha mafuta. Mzee Moore hakumwambia habari za migahawa. Alimwambia kwamba watu wa pale wanataka kura.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana bila kuelewa jinsi kura ilivyozuiwa Mississippi huwezi kuelewa ujasiri wa waliokwenda kuitafuta. Mtu mweusi aliyetaka kuandikishwa alipewa fomu yenye maswali 21. Ndani yake alitakiwa anakili kifungu cha katiba ya jimbo, kisha akieleze maana yake. Katiba ile ilikuwa na vifungu 285, na anayechagua kifungu ni karani mzungu. Anayeamua kama umeeleza sawasawa ni karani huyo huyo. Ulikuwa mtihani ambao msahihishaji ameshaandika sifuri kabla hujashika kalamu. Kuanzia mwaka 1962 ikaongezwa sheria kwamba majina ya walioomba kuandikishwa yachapwe kwenye gazeti la eneo hilo kwa wiki mbili. Gazeti, Ndugu Mhariri, likawa chombo cha kumwonyesha mwenye shamba nani wa kufukuzwa kazi, na kuwaonyesha wenye bunduki nani wa kufuatwa usiku.

Huko ndiko Moses alikokwenda kuishi mwaka 1961, akiwa na miaka 26. Agosti ya mwaka huo aliwapeleka watu watatu kujiandikisha katika mji mdogo uitwao Liberty. Njiani kurudi akakamatwa. Akiwa mikononi mwa polisi akaomba simu, akapiga Wizara ya Sheria mjini Washington kwa utaratibu wa mpokeaji kulipa, akaripoti mbele yao kwamba haki za raia zinavunjwa. Siku chache baadaye akarudi Liberty na watu wengine wawili. Mzungu mmoja, binamu wa sherifu, akamzuia barabarani na kumpiga kichwani kwa mpini wa kisu hadi damu ikamtiririka usoni na kwenye shati. Moses akainuka, akaendelea na safari mpaka ofisi ya karani na shati lile lile. Baada ya kushonwa jeraha akafanya jambo ambalo weusi wa kaunti ile hawakuthubutu kulifanya: akamfungulia mashtaka aliyempiga. Baraza la wazungu lililosikiliza kesi mahakamani likamwachia huru. Moses hakushangaa, na kesho yake akaendelea na kazi.

Kupigwa ni jambo moja. Wengi wamepigwa na wakavumilia. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Mkulima mmoja aitwaye Herbert Lee alikuwa akimzungusha Moses vijijini kwa gari lake. Alikuwa na shamba lake, ana mke na watoto wengi, na aliamua kusaidia. Septemba 25, 1961, Lee alipeleka pamba kwenye kinu cha kuchambulia pale Liberty. Mchana kweupe, mbele ya watu, akapigwa risasi na E. H. Hurst, mjumbe wa bunge la jimbo. Uchunguzi ukafanywa haraka, ikaamuliwa kwamba mheshimiwa alijihami, akaenda zake. Aliyeshuhudia, Louis Allen, mweusi pia, alilazimishwa kutoa ushahidi wa uongo, na baadaye aliposema ukweli akaanza kuandamwa. Januari 31, 1964, akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake, siku moja kabla ya kuhama jimbo.

Kwenye mazishi ya Lee, mjane wake alimwendea Moses akijipiga kifua na kumlilia usoni kwamba yeye na wenzake ndio waliomuua mumewe. Wewe msomaji jiulize ungejibu nini. Moses hakuwa na jibu, na hakujitafutia. Hakusema muuaji ni Hurst, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Hakusema Lee alijitolea mwenyewe, ingawa ni kweli pia. Alilipokea lile neno na akalibeba miaka yote. Wapo wanaharakati ambao wangegeuza kifo kile kuwa hotuba. Wapo ambao wangefunga virago kurudi New York, na hakuna ambaye angewalaumu. Yeye alibaki, akijua kwamba kila mkulima anayempandisha kwenye gari au kumlaza nyumbani kwake anaweza kuwa Herbert Lee mwingine. Ujasiri wa kuhatarisha kichwa chako mwenyewe ninauelewa. Huu wa kuendelea huku ukihesabu vichwa vya wenzako, bila kujificha nyuma ya maneno, ni mzito zaidi, na sioni ukiandikwa sana.

Kuna tukio jingine ambalo wenzake walilisimulia kwa miaka mingi. Agosti 1962, kundi la wazungu lilivamia ofisi ya wanaharakati mjini Greenwood usiku. Vijana waliokuwamo waliponea kwa kupita dirishani na juu ya mapaa. Moses alifika usiku ule ule na mwenzake, wakakuta ofisi imevurugwa, hakuna mtu. Moses akatandika, akalala pale pale. Mwenzake alisimama akimshangaa. Wala haikuwa kwamba haogopi, maana mwenyewe alieleza mara nyingi hofu waliyoishi nayo. Lakini watu wa Greenwood wangeamka asubuhi wakitaka kujua kama wageni wamekimbia, na jibu walilikuta limelala kwenye kochi. Februari 1963, nje kidogo ya mji huo, gari alilopanda likamiminiwa risasi. Dereva, kijana Jimmy Travis, akapigwa shingoni, na Moses akashika usukani gari lisipinduke. Travis akapona.

Mwaka 1964 alikuwa kiongozi wa mpango ulioleta mamia ya wanafunzi wa vyuo Mississippi kwa majira ya kiangazi. Juni 21, wanaharakati watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, wakatekwa na kuuawa, na miili yao ikapatikana Agosti 4 imefukiwa kwenye tuta la bwawa. Wengine walikuwa bado Ohio kwenye mafunzo. Moses ndiye aliyesimama mbele yao kuwaeleza kwamba wenzao hawajulikani walipo na kwamba hakuna atakayelaumiwa akirudi nyumbani. Hakuwapamba kwa maneno wala kuwatia jazba. Walio wengi wakapanda mabasi kwenda Mississippi.

Waliomfahamu wote wanasema jambo moja: alikuwa akizungumza polepole, kwa sauti ya chini, na kwenye mikutano alipenda kukaa nyuma akiuliza maswali badala ya kutoa majibu. Aliamini kwamba mama anayevuna pamba anaweza kuongoza mwenyewe akipewa nafasi, na ndivyo ilivyokuwa kwa Fannie Lou Hamer, kibarua wa shambani aliyefukuzwa alipokuwa akiishi kwa sababu ya kwenda kujiandikisha. Ndiye aliyesimama kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Atlantic City mwaka 1964 akaeleza mbele ya kamera za televisheni jinsi alivyopigwa jela. Watu walipoanza kumfanya Moses kama nabii, kwa jina lake (Moses ndiye Musa) na kwa matendo yake, alilidondosha jina hilo la ukoo akajiita Parris, kisha akaondoka Mississippi. Nimekwishaona viongozi wengi wakiongeza majina na vyeo mbele ya majina yao. Wa kupunguza nimemsoma huyu.

Na kazi ile ilizaa. Kabla ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, weusi walioandikishwa Mississippi hawakufika asilimia 7 ya waliostahili. Miaka miwili baada ya sheria walikuwa karibu asilimia 60.

Alifikaje Same? Mwaka 1966 serikali yake ilimwita jeshini kwa vita vya Vietnam, akiwa na miaka 31, umri ambao kwa kawaida watu walikuwa hawaitwi tena. Alikuwa akiipinga vita ile hadharani. Akakimbilia Kanada, akafanya vibarua, kisha yeye na mkewe Janet, ambaye naye alikuwa mwanaharakati wa Mississippi, wakaja Tanzania. Miaka ile nchi yetu ilikuwa kimbilio la wapigania uhuru kutoka kila pembe, na Dar es Salaam ndiko ilikokuwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lakini Moses hakukaa Dar kwenye mikutano. Aliajiriwa na Wizara ya Elimu akaja huku chini ya milima ya Upare kushika chaki.

Aliporudi kwao mwaka 1976 hakugombea cheo. Aligundua kwamba shule ya binti yake, mmoja wa waliozaliwa huku, haikuwa ikiwafundisha watoto wa darasa lake aljebra, akaanza kuwafundisha mwenyewe. Mwaka 1982 alipata tuzo ya fedha ya MacArthur, akaitumia kuanzisha Mradi wa Aljebra kwa watoto wa maskini. Hoja yake ilikuwa kwamba zama hizi mtoto asiyejua aljebra amefungiwa nje, kama mkulima wa Mississippi asiyekuwa na kura. Baadaye akawa anasafiri hadi Jackson, Mississippi, kufundisha sekondari.

Njia yake ya kufundisha namba hasi niliijaribu darasani kwangu. Yeye aliwapandisha watoto treni ya mjini, wakachagua kituo kimoja kuwa sifuri, wakahesabu vituo vya mbele na vya nyuma. Mimi nilitumia barabara yetu kuu. Same ni sifuri. Ukielekea Moshi, Mwanga ni chanya moja na Himo chanya mbili. Ukielekea Korogwe, Makanya ni hasi moja na Hedaru hasi mbili. Nikawauliza: basi likitoka Hedaru likapita vituo vitatu kwenda mbele, limefika wapi? Binti mmoja aliyekuwa hanyanyui mkono kabisa akasema kwa sauti, "Mwanga, mwalimu, chanya moja!" Watoto wa kondakta na wa mama lishe wa stendi waliijua barabara ile kuliko mimi, na kumbe walikuwa wanajua hesabu.

Ombi langu ni hili. Waliosoma sekondari Same kati ya 1969 na 1976 sasa ni wazee, wengi wamevuka sitini, na kila mwaka tunazika baadhi yao. Kama upo na unamkumbuka mwalimu mmoja Mmarekani mweusi, mpole, wa hisabati, tafadhali andika. Andika alivyofundisha, alivyokaa na watu, alikopanga nyumba, hata kama ni mistari mitano. Kama una picha ya darasa au daftari lenye mwandiko wake, piga picha upeleke nakala kwa mkuu wa shule au kwa gazeti hili. Walimu wa historia wa wilaya hii nawaomba wakifika kwenye mada ya harakati za weusi Marekani wamtaje kwa jina na waseme alifundisha hapa. Na kwako Mhariri, barua za wazee hao zikianza kuja, naomba uzichape.

Mwalimu wa Hisabati (mstaafu),
Same, Kilimanjaro