Walimu wa Nairobi, msikimbilie funzo la hadithi

Walimu wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaofundisha katika shule za msingi za jiji hili, kuanzia Kawangware hadi Kayole, na hasa ninyi mliobebeshwa kazi ya ushauri nasaha juu ya vipindi vyenu vya kila siku. Nimestaafu, lakini bado mnanialika madarasani kuwasomea watoto, na kuna jambo naliona huko ambalo siwezi kulinyamazia.

Mwalimu anasoma hadithi vizuri kabisa. Anabadilisha sauti, watoto wametulia tuli, hata wale watundu wa nyuma. Hadithi inaisha, na kabla watoto hawajashusha pumzi anauliza: "Hadithi hii inatufunza nini?" Mikono inainuka. Tuwatii wazazi. Tusiwe na tamaa. Tutie bidii masomoni. Majibu ni yale yale, hata kama hadithi ilikuwa ya mtoto aliyefiwa na baba. Yule mwanafunzi aliyekuwa ameanza kuguswa anajifunga tena, na kengele inalia.

Kwa ufahamu na insha, ulizeni funzo mpendavyo. Lakini hadithi mnayoisoma kwa sababu kuna watoto darasani wenye uchungu, nawasihi msiifunge kwa swali hilo.

Mwaka 1949 mtafiti wa Marekani, Caroline Shrodes, alieleza yanayompata msomaji anayesaidiwa na kitabu. Kwanza anajiona katika mhusika. Kisha hisia alizokuwa amezificha zinapata pa kutokea, iwe kwa machozi, kicheko au hasira. Baadaye ndipo anaanza kuielewa hali yake na kuona huenda ipo njia. Sisi tunaziruka hatua mbili za kwanza na kudai ile ya tatu papo hapo, kwa sauti, mbele ya darasa zima. Hata mtu mzima hawezi.

Na watoto wetu wamebeba mengi. Wapo waliobomolewa nyumba kandokando ya Mto Mathare baada ya mafuriko ya 2024, wakahamia kwa jamaa wasiowajua. Wapo wanaosikia ugomvi wa kila usiku nyuma ya ukuta wa mabati. Wapo ambao mama zao wako Saudia kwa kazi za nyumbani, nao wamebaki na nyanya au jirani.

Nilimwona mwalimu mmoja wa gredi ya tatu, huku Eastlands, akifanya kazi hii inavyopaswa. Alikuwa na kijitabu cha picha cha kifaranga aliyeachwa peke yake mama yake alipokwenda kutafuta chakula. Alipofika pale kifaranga anapochungulia nje, alinyamaza, akaipitisha picha mbele ya kila safu, polepole. Msichana wa dawati la dirishani akauliza, "Mwalimu, kifaranga ana namba ya simu ya mamake?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, wala hakumwambia kwamba kuku hawana simu. Alimuuliza, "Wewe unaonaje?" Msichana akafikiri. "Anayo. Lakini akipiga anaambiwa mteja hapatikani."

Kicheko kikakatika. Mvulana mmoja akasema labda mama yuko kazini na tajiri wake amemnyang'anya simu. Mwingine akasema kifaranga atume ujumbe, mama atausoma usiku. Wakaendelea hivyo, wakimshauri kifaranga, na hakuna aliyemtaja mama wa mtu yeyote. Mwalimu alijua fika kwamba mama wa yule msichana yuko ng'ambo, lakini hakumkazia macho hata kidogo. Jioni alimwomba amsaidie kubeba madaftari hadi stafu, na njiani mtoto akasema aliyotaka kusema.

Mhusika ndiye kinga ya mtoto. Mkimwambia "hadithi hii inakuhusu wewe," mmemvua nguo mbele za watu. Ulizeni kuhusu mhusika: alihisi nini mlango ulipogongwa, angemwambia nani, ungekuwa rafiki yake ungekaa naye wapi. Kisha nyamazeni. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30 tu, najua, na ukimya unaonekana kama muda unaopotea. Asiyetaka kusema apewe karatasi achore, au amwandikie mhusika barua. Kazi hiyo isipewe alama, na kalamu nyekundu ikae mfukoni.

Kisomeni kitabu chote wenyewe kwanza. Hadithi zetu nyingi zimemfanya mama wa kambo kuwa mchawi, na darasani mwenu mna mtoto anayelelewa vyema na mama wa kambo. Nyingine zinamaliza shida zote kwa yatima kuokolewa na tajiri. Mimi hizo naziweka kando, kwa sababu mtoto wa ploti akizisadiki atabaki kumngoja tajiri. Chagueni zile ambazo mhusika anapata mtu mmoja wa kumsikiliza, hata kama shida haijaisha. Na msimsomee mtoto kitabu cha msiba juma lile la mazishi. Wakati huo kitabu cha kuchekesha, mkikisoma mmekaa bega kwa bega, kinatosha.

Mtoto akiwaambia kwamba anapigwa nyumbani au anachezewa mwili, kitabu kimefika mwisho wa kazi yake. Msimhoji kama polisi, wala msimwahidi kutunza siri. Mwambieni mmemwamini, andikeni maneno yake kama alivyoyasema, mpelekeeni taarifa mwalimu mkuu na afisa wa watoto. Namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure, usiku na mchana.

Na kiboko, wanangu. Kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko pamoja na kumtesa mtoto kisaikolojia. Bado nakiona nyuma ya milango. Mtoto uliyemchapa saa tatu hatakufungulia moyo saa nne, usome hadithi tamu kiasi gani.

Vitabu vipo. Mradi wa African Storybook una hadithi za watoto za bure kwenye intaneti, nyingi kwa Kiswahili, na mnaruhusiwa kuzichapisha. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mjini 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara. Watoto wa Eastlands wanaweza kufika kwa miguu.

Walimu wakuu, neno langu la mwisho ni lenu. Nimeona vitabu vya hadithi vikiwa vipya kabisa kabatini, vimefungiwa kwa kuogopa kuchakaa. Toeni funguo kwa walimu wa darasa. Mkihesabu vitabu mwisho wa muhula, kilichochanika kwa kusomwa mkiandike kuwa kimetumika, na mwalimu asidaiwe kukilipa.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Eastlands