"Ameruhusiwa" maana yake nini? Barua kwa wanangu madaktari na manesi wa Kusini

Wanangu madaktari, matabibu na manesi mnaofanya kazi huku kwetu Mtwara na Lindi, na nyie mliopo vyuoni mnaosubiri kupangiwa vituo, salamu zenu. Mi ni nesi mstaafu. Nilianza kazi 1981, enzi hizo sindano tunachemsha kwenye sufuria afu tunarudia kuchomea watu, nikastaafu 2015. Miaka 34, nimeanzia Newala, nikaenda Liwale, nikamalizia Masasi. Wengine mnaniita mama, wengine bibi, yote sawa. Sijawahi kuandika barua ya namna hii na ningekaa kimya, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu wa korosho uliopita, halishuki wala halitoki.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja, alilazwa kwenye hospitali moja ya huku kwetu, jina sitalitaja. Tumbo limejaa maji, macho ya njano, mwili umebaki mifupa. Nilikaa nao wodini siku mbili, mara yangu ya kwanza kukaa upande ule, upande wa mwenye mgonjwa, kwenye mkeka chini ya kitanda na beseni na chupa ya chai, siku ya tatu nikarudi Masasi maana nilikuwa na kliniki yangu ya presha. Siku ya tano mdogo wangu akanipigia simu analia kwa furaha, "dada, ameruhusiwa!" Nami, nesi wa miaka 34 niliyeliona lile tumbo kwa macho yangu, nikasema alhamdulillah. Moyo ulinipiga kidogo, nikaunyamazisha. Nilitaka iwe kweli.

Nilipofika kijijini kwao siku nne baadaye nikakuta jogoo kashachinjwa, majirani washaitwa, pilau limepikwa, sheikh kasoma dua ya shukrani, yani mtu kapona. Mgonjwa mwenyewe kalala chumbani anaugulia kwa maumivu. Nikaomba karatasi ya hospitali. Imeandikwa kwa kiingereza, kansa ya ini, imeshaenea, akauguziwe nyumbani. Dawa walizopewa ni panado na vidonge vya vitamini.

Nikamuuliza mdogo wangu, daktari alikwambia nini? Akasema alipita na wenzake kwenye raundi, wakasimama miguuni mwa kitanda, wakaongea kiingereza, wakaandika, afu akamgeukia akamwambia "mama, mgonjwa ameruhusiwa, mtaendelea kumhudumia nyumbani, dawa mkachukue dirishani". Basi. Wakahamia kitanda kinachofuata.

Nisikilizeni vizuri wanangu. Yule daktari hakudanganya, na nina uhakika ukimuuliza leo atasema "nilishawaambia". Kwa lugha ya wodini ni kweli alisema. Lakini ameruhusiwa ya wodini sio ameruhusiwa ya kijijini. Wodini maana yake kitanda kiachwe, hatuna cha kuongeza. Kijijini maana yake kapona, na sio kosa la mwanakijiji, maana mama aliyejifungua salama anaruhusiwa, mtoto aliyekuwa na malaria ya kulazwa anaruhusiwa, aliyevunjika mguu akafungwa POP anaruhusiwa, wote hao wanarudi nyumbani wazima afu mnakuja kulitumia neno hilohilo kwa mtu anayeenda kufa na mnategemea mama wa shambani ajue tofauti aisome usoni kwenu! Nao uso mmeuinamisha kwenye faili.

Na sio neno hilo tu. "Tunaendelea kumuangalia." "Kuna uvimbe kidogo." "Hali sio mbaya sana." "Tumuombee Mungu." Hili la mwisho ndo linaniuma zaidi maana huku watu wanaomba kweli, ukimwambia mtu tumuombee anaelewa kuna nafasi ya kupona, anauza shamba anaenda kumtafutia mganga.

Najua hii tabia ilikotoka kwa sababu mi ni mmoja wa walioilea. UKIMWI ulionekana kwanza Kagera 1983, miaka ya tisini ulishatufikia na huku, na dawa za ARV za bure hazikuanza kutolewa nchini mpaka 2004. Miaka yote hiyo hapo katikati tulikuwa tunalaza watu hatuna cha kuwapa zaidi ya dripu na maneno. Tukajifunza kuficha. Tulisema "kifua", tulisema "malaria sugu", tulisema "damu imepungua". Tulidhani ni huruma. Kuna mama mmoja Newala nilimwambia kwa mdomo wangu huu kwamba mumewe ana kifua, akamzika akijua ni kifua, na miaka miwili mbele nikampokea yeye mwenyewe wodini na kichanga mgongoni. Aliniangalia tu. Hakuniuliza kitu. Dawa zilikuja, kuficha kukabaki, na nyie mmekurithi kwetu bila kujua kwamba ni urithi. Ndo maana nawaandikia kwa ukali, nawagombeza na mimi mwenyewe nikiwemo.

Sasa fanyeni hivi. Vuta stuli ukae. Usimpe mtu habari ya kifo umesimama kama unasubiri basi la Tandahimba. Ita mwenye mgonjwa pembeni, na mgonjwa mwenyewe kama akili zake zipo maana mwili ni wake. Anza kwa kumuuliza, "mama, mpaka sasa umeelewa nini kuhusu huu ugonjwa?" Utashangaa majibu. Afu taja ugonjwa kwa jina lake, sema kansa, sema hautapona, sema tunampeleka nyumbani sio kwa sababu amepona bali kwa sababu hospitali haina tena cha kumtibu, na akikaa na watu wake ni bora kuliko kukaa na sisi. Ukishasema, nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo vijana wengi mnashindwa, mnajaza maneno ya kitaalamu. Muache alie. Afu mwambie akurudishie kwa maneno yake alichosikia. Kama ni mzee anayejua Kimakonde tu au Kimwera au Kiyao, tafuta mtu mzima anayejua lugha, yupo tu, mlinzi yupo, mfagiaji yupo, usimtumie mjukuu wa darasa la tano amtafsirie bibi yake kwamba babu anakufa. Nimeliona hilo kwa macho.

Afu mueleze yanayokuja. Ataacha kula, usimlazimishe uji. Atalala sana. Saa ingine atachanganya majina ya watu. Mgeuze asipate vidonda, mdomo uloweshe kwa kitambaa. Na maumivu jamani, maumivu ya kansa na panado wapi na wapi? Kuna kitu kinaitwa tiba shufaa, yani kumtuliza maumivu mgonjwa asiyepona, nyie mmekisoma mimi nilikisikia ukubwani, na kuna mofini ya maji ya kunywa, dawa kali ya maumivu, Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar, wanaitumia miaka mingi, inadhibitiwa lakini sio haramu, daktari akiiandika kwa utaratibu inatolewa. Kama hapo ulipo hamna, piga simu hospitali ya mkoa, piga hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, uliza. Mtu asifie porini anapiga kelele kwa sababu hakuna aliyenyanyua simu.

Mtaniambia mama hatuna muda. Najua wanangu. Nimeshika zamu ya usiku peke yangu, wodi ina vitanda ishirini na wagonjwa arobaini, dripu mbili zinaisha kwa pamoja na kuna mama kule anasukuma. Nimeishi Liwale wakati wa mvua ambapo gari la wagonjwa likikwama mnabeba mtu kwa machela. Najua mnavyokatwa mkopo wa bodi asilimia 15 ya mshahara, nyumba hamna, mchumba yuko Dar kachoka kusubiri. Na najua kitu kingine ambacho hamkisemi. Kuna kijana mmoja alikuwa intani, daktari aliyetoka chuo yupo mafunzoni, mama kamfia mikononi akijifungua, damu ya kumuongezea haikuwepo benki, na kesho yake asubuhi yupo kwenye raundi kanyoosha koti kama hakuna kilichotokea, hakuna hata mkubwa mmoja aliyemuuliza umelalaje. Nikamkuta stoo ya dawa kakaa juu ya boksi la glovu analia bila sauti. Nilimpa chai, nikakaa naye, sikumwambia kitu cha maana. Nafikiri wengi wenu mnaosimama miguuni mwa kitanda na kuongea haraka haraka mnafanya hivyo sio kwa roho mbaya, ni kwamba mkikaa kwenye stuli mtalia. Basi lieni. Ila msilie peke yenu stoo, na nyie mabosi, waganga wafawidhi na mametroni, mtoto akifiwa na mgonjwa muiteni, muulizeni, mpeni hata siku moja alale. Hilo halihitaji bajeti.

Mengine nayataja haraka maana mshayasikia. Msimtukane mama mwenye uchungu, hata akikung'ata. Msichukue chochote kitu kwa mtu aliyeuza kuku kupata nauli. Faili la mtu sio la kusimulia kwenye genge la mihogo. Ukikosea dozi sema saa ileile. Pombe na zamu haviendi pamoja. Na wazazi wenu wapigieni simu, mnauguza wazazi wa watu mnasahau wenu.

Na nyie wenye wagonjwa msikae pembeni mkapiga makofi kwamba bibi kawasema madaktari. Yupo yule anayefika hospitali na simu imeshawashwa, kabla hajatoa hata salamu anarekodi, nesi kafokewa na watu watatu afu video inazunguka kwenye magrupu ya watu ambao hawajui kwamba yule nesi ana masaa kumi na sita hajakaa. Yupo anayemleta mgonjwa baada ya wiki mbili za mizizi na chale, akiulizwa mmemtumia nini anasema hamna kitu. Semeni! Hatuwafungi. Zile dawa saa ingine zinaua figo na daktari anatibu gizani.

Ila ninachotaka kuwaambia zaidi watu wangu wa Kusini ni hiki. Mdogo wangu alimuuguza mumewe miezi mitano peke yake. Shemeji ana kaka wanne. Hakuna aliyelala wodini usiku mmoja, maana kuuguza ni kazi ya wanawake. Alipoambiwa kuna kipimo akafanye Dar, zaidi ya kilometa 500, ikaitishwa michango, ikapatikana elfu sabini. Siku tumemzika, turubai mbili, viti vya kukodi, ng'ombe, mchele magunia, na daftari la rambirambi lilifungwa na zaidi ya milioni moja na nusu. Hela ilikuwepo. Ilikuwa inamsubiri afe.

Na ilikuwepo hata kabla. Ile kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo korosho ilipita 4,000 kwa kilo. Kilo nane tu jamani, kilo nane na nyumba nzima imetibiwa, na mtu ana magunia anafanya unyago wa binti wiki nzima na muziki wa kukodi, anaulizwa kadi anasema serikali itajua. Siikatai ngoma, mi mwenyewe nimechezwa na wanangu nimewacheza, lakini ngoma bila kadi huo ni uzembe. Nayo serikali isijifiche nyuma ya hili, maana mtu akiwa na kadi afu dirishani anaambiwa dawa hamna kanunue nje, mwaka unaofuata halipi, na mi siwezi kumlaumu.

Shemeji tulimpata siku tano tu tangu nilipofika. Nilimkalisha mdogo wangu jikoni usiku ule ule nikamwambia yote, kwa jina lake, akalia mpaka alfajiri, asubuhi akaoga akaingia chumbani kwa mumewe akafunga mlango na sijui waliongea nini, ila tangu siku hiyo hakutoka. Walioana 1989. Alikufa mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkewe, kabla ya adhana ya alfajiri.

Juzi nimeenda kumuona, eda yake imeisha. Tulikuwa tunabangua korosho za kula nyumbani, akaniuliza, "dada, yule daktari siku ile alikuwa anajua?" Nikamjibu ndiyo, alikuwa anajua. Akakaa kimya muda mrefu, anabangua tu. Afu akasema, "zile siku nne za mwanzo nilikuwa nashinda shambani naokota korosho, nikirudi jioni nakuta amechoka hata kuongea hawezi. Ningeambiwa nisingeenda."

Mama yenu, nesi mstaafu,
Masasi.