Barua ya kufunga muhula: maneno kuhusu taka ambayo watoto wanarudi nayo nyumbani

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Mwanza.
Juni.

Kwa wazazi na walezi wote,

Tunafunga muhula wa kwanza tukiwa salama, na kwa niaba ya walimu ninawashukuru kwa ushirikiano wenu, hasa wale mliokuja Jumamosi kukarabati madawati. Maendeleo ya kila mtoto yamo katika ripoti aliyokabidhiwa, pamoja na tarehe ya kufungua shule, kwa hiyo sitayarudia hapa. Ninaandika kuhusu jambo moja tu, nalo ni kazi ya likizo juu ya taka, ambayo mtoto hataweza kuifanya vizuri iwapo nyumbani na shuleni tunatumia maneno yaleyale kwa maana tofauti.

Mwezi uliopita, katika jaribio la Darasa la Tano, mwalimu aliuliza maana ya neno ghuba akitarajia majibu kuhusu sehemu ya ziwa iliyoingia nchi kavu, kama Ghuba ya Mwanza ambayo watoto hawa wanaiona kila siku. Wanafunzi kadhaa waliandika kuwa ghuba ni mahali taka za mtaa zinapokusanywa zikisubiri gari. Mwalimu alikuja ofisini akiwa hajui awape vema au kosa. Nilimshauri awape vema, kwa sababu katika jiji letu neno hilo hubeba maana zote mbili, na tena Mto Mirongo unaopita jijini umeziunganisha: kinachomwagika nje ya ghuba la taka husombwa na mvua hadi kwenye ghuba ya ziwa. Gari likiwahi, taka hizo huenda dampo la Buhongwa. Lisipowahi, ziwa ndilo dampo, na ziwa hili la Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea maji yake, yaani Mto Nile kule Jinja, Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza sangara na sato walionunuliwa hapa Mwanza, na mmoja kati ya kila watano alikutwa na vipande vidogo vya plastiki tumboni.

Neno linalotusumbua zaidi ni kurejeleza. Watoto, na nakiri hata sisi walimu, tulikuwa tukilitumia kwa kila kitu kinachookolewa kisitupwe. Kurejeleza ni kukivunja kitu kirudi kuwa malighafi, kisha malighafi hiyo itengenezewe kitu kingine: chuma chakavu kinayeyushwa kikawa nondo, chupa za maji zinasagwa na kuyeyushwa zikawa nyuzi au bidhaa nyingine ya plastiki. Chupa ya soda ya kioo mnayoirudisha dukani ndani ya kreti hairejelezwi. Inaoshwa na kujazwa upya, na huko ni kutumia tena. Dumu la mafuta ya kula likigeuzwa la kuchotea maji limetumiwa tena, na gurudumu chakavu likikatwa kuwa katambuga, yaani viatu vya matairi, nalo limetumiwa tena kwa kazi mpya, kwa kuwa mpira wake haukuyeyushwa. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu kurejeleza kunahitaji kiwanda, moto, maji na usafiri, ilhali chupa inayooshwa haihitaji kuyeyushwa na kuundwa upya. Isitoshe, karatasi ikirejelezwa nyuzi zake huzidi kuwa fupi kila mara mpaka zisifae tena, na plastiki nyingi hushuka ubora. Kioo na alumini ndivyo vinavyostahimili kuyeyushwa mara nyingi.

Ndiyo maana tunawafundisha kwamba kupunguza kunatangulia, kutumia tena kunafuata, na kurejeleza kunakuja baadaye. Mtoto anayekuja na maji ya nyumbani katika chupa yake amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyenunua chupa mpya kisha akaiweka kwa uangalifu kwenye pipa la kukusanyia plastiki, ingawa huyu wa pili ndiye tunayempigia makofi.

Kutenganisha taka maana yake ni kuzitenga pale zinapozalishwa, si baada ya kuchanganyika. Somo hili tulilipata kwa aibu. Tulikusanya chupa muhula mzima, lakini mnunuzi anayepima kwa kilo alipofika alizikataa nyingi kwa kuwa zilikuwa zimelowa makombo ya uji. Makombo hayo, maganda ya ndizi na majani ni taka zinazooza, na zikikaa peke yake zikapata hewa na unyevu huwa mboji ya bustani. Zikikaa na plastiki zinaharibu vyote viwili.

Kuhusu mifuko, wazazi wengi mnakumbuka kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mfuko mbadala tunaoutumia sasa hushikika kama kitambaa, lakini mwingi umetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Faida yake inapatikana tu ukibebwa mara nyingi, kwa hiyo anayenunua mpya kila aendapo sokoni hajaacha rambo, ule mfuko wa plastiki wa zamani, amebadilisha jina lake.

Lililobaki ni uchumi wa mzunguko, ambao wengine huuita uchumi rejeleshi, yaani mpangilio ambao masalia ya kazi moja huwa malighafi ya nyingine. Watoto waliliogopa neno hili mpaka nilipowauliza kuhusu mapanki, yaani mabaki ya samaki aliyetolewa minofu. Kila mtoto wa Mwanza anajua kuwa sangara akishatolewa minofu kiwandani, kichwa na mifupa huliwa au husagwa kuwa chakula cha mifugo, na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo, huuzwa kwa bei inayoishinda minofu yenyewe. Pamba yetu nayo ni hivyo: mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu, yaani makapi yanayobaki, hupewa ng'ombe.

Kazi ya likizo ni hii. Kwa siku saba mtoto aandike kila kinachotupwa nyumbani, na mbele yake aandike kama kingeweza kuepukwa, kutumiwa tena, kukarabatiwa, kuoza au kurejelezwa. Naomba msimwandikie, na msione haya kwa kitakachoandikwa. Daftari la nyumbani kwangu lina mifuko ya maziwa mingi kuliko nilivyodhani. Aidha, tafadhali msichome plastiki uani ili orodha ionekane fupi, kwa sababu moshi wake una sumu. Betri na simu mbovu ziandikwe chini ya taka hatarishi, na mtoto asizifungue.

Kurasa nyeupe zilizobaki katika madaftari ya muhula huu zisitupwe. Ziletwe siku ya kufungua shule, tutazishona pamoja ziwe madaftari ya hesabu za majaribio.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu