Mwanangu, maziwa yako yanatosha

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Jana usiku simu ilikatika wewe ukilia na mtoto analia, na neno la mwisho nililolisikia ni "Mama, maziwa hayatoshi." Usingizi ukaniruka. Nimekaa ukumbini nakuandikia, uisome taratibu mtoto akiwa kifuani.

Ingekuwa kama ada yetu, uzazi wa kwanza ungekuja kujifungulia huku Wete, Pemba, na arubaini yako ingeishia mikononi mwangu. Lakini mtoto kawahi wiki tatu, nawe uko Unguja, nami huku namuuguza baba yako. Basi acha nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia.

Kaka yako, kifungua mimba wangu, alipozaliwa nilitokwa na yale maziwa mazito ya njano, dang'a. Mtu mzima mmoja niliyemheshimu sana akasema huo ni uchafu, maziwa yaliyolala kifuani miezi tisa, niyakamue niyamwage. Nikayamwaga. Mtoto akapewa maji ya sukari siku mbili. Wiki ya pili akawa analia tangu magharibi hadi usiku wa manane, wakasema maziwa yangu hayatoshi, likaletwa kopo la maziwa ya unga. Akishiba chupa analala, nami nikaamini. Kila alivyozidi kunywa chupa ndivyo matiti yalivyozidi kunywea, hata kabla ya miezi mitatu sikuwa na kitu. Halafu akaanza kuharisha. Tulilazwa naye mara mbili. Leo ni mwanamme mrefu kuliko baba yake, alhamdulillahi, lakini mikono yangu haijasahau jinsi alivyokuwa mwepesi siku tulipotoka hospitali mara ya pili.

Ulipokuja wewe nilijaaliwa mkunga aliyenifundisha vingine. Saa ya kwanza haijesha, ukawa kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, unatafuta titi mwenyewe. Akanieleza kwamba dang'a huwa kidogo kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo, na imejaa kinga ya maradhi. Nilipomwambia nilivyoyamwaga ya mwanzo hakunigombeza. Aliniwekea mkono begani tu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Maziwa si maji ya mtungi, kwamba kila ukichota yanapungua. Ni kisima: kinachotekwa ndicho kinachojaa. Mwili wako unatengeneza kwa kadiri mtoto anavyonyonya, khasa usiku. Chupa moja ya kopo ni titi moja lililoachwa bila kunyonywa, na mwili huchukua kwamba hayahitajiki, ukapunguza. Ndivyo nilivyoyakausha ya kwangu. Hayakuwa machache tangu mwanzo.

Na kilio kisikuhukumu. Mtoto wa siku nane hulia kwa joto, kwa gesi, kwa usingizi, kwa kutaka tu kubebwa. Jioni wengi wao hutaka kunyonya mfululizo, anaacha, anarudi, anaacha, anarudi. Ukitaka kujua anashiba, tazama nepi. Kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba hulowesha sita au zaidi kwa siku nzima mchana na usiku, na mkojo huwa mweupe. Choo kinageuka cha njano, laini. Siku za mwanzo uzito hupungua kidogo, hilo usilitishikie, ila akifika wiki mbili uwe umerudi ule aliozaliwa nao. Nenda na kadi yake wampime. Nepi zikiwa kavu, au akawa amelegea hataki hata kuamka kunyonya, hapo usingoje mimi wala mavyaa wako, mpeleke hospitali papo hapo.

Umesema chuchu zimechanika. Hiyo si kawaida ya kuvumiliwa, ni mshiko. Mlaze tumbo lake ligusane na lako, ngoja afungue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha mlete yeye kwenye titi, usiinamie wewe. Kinywani iingie sehemu kubwa ya ule weusi, si ncha peke yake, na mdomo wa chini ugeukie nje. Akiuma, tia kidole pembeni ya mdomo umwachishe, uanze tena. Mwambie nesi akutazame unavyonyonyesha, usione haya. Yale maumivu ya tumbo unayoyasikia akinyonya ni mji wa uzazi unarudi mahala pake, nayo ndiyo yanayozuia damu kutoka nyingi.

Watakwambia Unguja joto, mpe maji. Sehemu kubwa kabisa ya maziwa yako ni maji, zaidi ya asilimia 80. Miezi sita hahitaji tone jengine, na unajua visima vyetu vinavyokuwa masika, kipindupindu tumekiona. Asali usimpe hata ya kulamba mpaka atimize mwaka, huweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza mtoto mchanga viungo. Tende ya tahniki, ile anayopakwa kinywani mtoto mchanga, ni kumgusa kaakaa basi, kwa mkono uliooshwa.

Lile kopo aliloleta jirani, ameleta kwa mapenzi, mshukuru. Kopo si haramu wala si aibu. Yuko mama aliyefariki, yuko anayetumia dawa zisizokwenda na kunyonyesha, yuko mtoto ambaye daktari ameamua aongezewe. Hao kopo ni rehema kwao, lipimwe kama lilivyoandikwa bila kuzimuliwa, kwa maji yaliyochemshwa, na kwa kikombe kisafi, maana chupa ni ngumu kusafisha. Ninachokukataza ni kulifungua kwa hofu ya usiku mmoja. Tangu 1981 nchi nyingi za dunia zilikubaliana kupitia Shirika la Afya Duniani kwamba maziwa haya yasitangazwe kwa kina mama, na wala wasigaiwe bure. Waliona watoto wengi wakipita alipopita kaka yako. Hata mama mwenye virusi vya Ukimwi, akitumia dawa zake barabara, siku hizi hushauriwa kunyonyesha.

Kazini utarudi, najua. Tutafundishana kukamua kwa mkono, na maziwa yatawekwa kwenye friji. Uji na samaki vitakuja akitimiza miezi sita, na titi liendelee. Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na ikawaachia baba na mama wakubaliane wakitaka kumwachisha kabla. Kwa hiyo hili ni lako na mumeo. Mpe aisome barua hii. Usiku yeye abadilishe nepi na kumcheulisha, wewe upumzike.

Kaka yako anakuja kukaa na baba Alkhamisi, nami nitapanda boti Mkoani Ijumaa asubuhi. Nimeshasaga pilipili manga ya uji wako, na pweza mkavu nimeagiza. Mpaka hapo, kula, kunywa maji mengi, na umweke mtoto kifuani kila atakapo. Zihesabu nepi kuanzia sasa, na kesho alfajiri niandikie ni ngapi.

Mama yako