Mhariri, tuwekeeni nyota ya kukata gazetini kabla ya Krismasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na mama wa watoto watatu. Nina ombi moja na nalisema mapema ili hata barua ikikatwa libaki: Desemba hii tuwekeeni ukurasa mmoja wa nyota na kengele za watoto kukata na mkasi, na Idi ikikaribia mtuwekee mwezi na nyota. Ni hilo tu, sasa ngoja nieleze kwa nini.

Kwetu gazeti halifungi maandazi. Kuanzia Oktoba tukishalisoma nalikunja naliweka chini ya meza ya cherehani, mana ndo mapambo yetu ya Krismasi hayo. Hatukuanza hivi lakini. Miaka mitatu nyuma nilitoa hela ya upatu, yote, nikanunua mti wa plastiki na taa zake za kumetameta, duka silitaji, nikasema na watoto wangu nao wafurahi kama wenzao. Taa zilizima tarehe 24 jioni kabla hata hatujatoka kwenda kanisani. Mti nao mwaka wa pili ukiugusa tu majani yanapukutika. Na Januari ile nikakosa hela ya viatu vya shule vya mkubwa wangu, akaanza muhula na vya zamani vinambana vidole, kila akirudi anavivua mlangoni hasemi kitu. Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Na siko peke yangu, wateja wengi wanaoleta vitambaa vya sare Januari wananiambia hivohivo, naomba nikulipe mwisho wa mwezi mama, sikukuu imetumaliza.

Mwaka uliofuata sikununua kitu. Nikawaita watoto nikawaambia tutapamba na vilivyomo humu ndani na vilivyopo huko nje, na hapo ndo nilipogundua kumbe vipo vingi.

Kwanza gundi, mana bila gundi hakuna kitu, na ya dukani kichupa ni kidogo watoto wanaimaliza siku moja. Chukua unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula na maji kikombe kimoja. Koroga kwenye maji ya baridi kwanza mpaka mabonge yaishe ndo ubandike jikoni, ukimwaga unga kwenye maji ya moto umeshaharibu. Moto uwe mdogo na mwiko usitoke sufuriani, ikianza kung'aa na kuvuta epua, tia chumvi kidogo. Unga wa muhogo nao unafaa na unang'aa zaidi, ila ni mlaini sana watoto wadogo wanaupeperusha nyumba nzima. Tumia siku hiyo au kesho yake, joto letu la Desemba mnalijua, inachacha. Na sikukuu ikiisha vilivyobandikwa na unga usivihifadhi kabatini, mende watavitafuna na watakuletea ndugu zao.

Nyota tunatengeneza na chelewa. Fagio likichakaa usilichome, chomoa chelewa tano zilizo nzima, zikate ziwe sawa, zipange kama mtoto anavyochora nyota bila kuinua penseli. Funga ncha na uzi halafu funga na pale zinapopishana katikati, hapo pa katikati ndo wengi wanasahau kisha wanashangaa nyota inalegea. Bandika gazeti pande zote mbili, tabaka mbili, anika kivulini, juani inajikunja kama kepu. Rangi yetu ni manjano ya kupikia iliyochemshwa na maji kidogo, unapaka na mswaki wa zamani. Maandishi ya gazeti yanaonekana kwa chini kwa mbali na mimi napenda hivo hivo, mwaka juzi kwenye ncha moja kulikuwa na nusu ya kichwa cha habari cha mpira na mtoto wangu wa kati akakataa tusipafunike.

Mti sasa. Hapa kwetu watu wengi wanakwenda ufukweni kukata mvinje, unanukia vizuri na umbo lake ni la Krismasi kabisa sikatai. Ila naomba niseme na wazazi wenzangu wa mwambao wote kuanzia huku mpaka Kigamboni: ile mivinje inazuia upepo na inashika mchanga usiondoke, na ukimwona mtu tarehe 23 na panga anakata kile kilele chenyewe cha mti mchanga ujue mti ule hautanyooka tena. Kama lazima iwe mvinje basi omba ruhusa kwa mwenye eneo na uchukue tawi la pembeni, ukiliweka kwenye ndoo ya mchanga mbichi linatosha kabisa kwa chumba.

Sisi tuliacha mvinje, tunatumia mkonge. Mkonge ukishazeeka unatoa ule mlingoti mrefu wa maua kwenda juu, unachanua mara moja tu kisha mmea mzima unakufa, na mlingoti unabaki umesimama mkavu, mwepesi kiasi kwamba mtoto anaubeba begani. Kule juu una vitawi vimetoka pembeni kama mikono. Ukiomba kwa mwenye shamba akakukatia kile kipande cha juu cha mita moja na nusu, mti umeshapata, tena umeshakauka wenyewe, hautapukutisha kitu na mwaka unaofuata unautumia tena. Watu wazima ndo waende kuuchukua, miiba ya majani ya mkonge sio ya kuchezea hasa kwa macho ya mtoto.

Halafu katani, zile nyuzi zinazotoka kwenye majani ya mkonge. Zamani mimi na dada zangu tulikuwa tunatengeneza maua ya rambo, ile mifuko ya plastiki, myekundu, ya bluu, tunaikata vipande tunafunga na waya, lakini rambo zilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na ni vizuri ziliondoka, zilikuwa zimejaa kila mtaro. Katani imeshika nafasi yake na imezidi. Unachemsha na zile rangi za unga za wasuka mikeka, kipakiti kimoja kinatosha, unaitoa unaianika halafu unaichana na kitana mpaka ilainike kama nywele, unafunga vishada unaning'iniza. Mwaka jana tulipokuwa tunachana mkubwa akaanza kutueleza alichosoma shule, kwamba mkonge sio wa kwetu asili, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja Richard Hindorf, miche ikafa mingi sana njiani ikabaki 62 tu na hiyo ndo iliyozaa mashamba yote haya. Mdogo akauliza kwa hiyo huu wa kwetu ni mjukuu wa ile sitini na mbili? Nikamwambia ndio mwanangu. Akakibeba kishada chake kwa mikono miwili akaenda kukifunga mwenyewe juu kabisa.

Mimi kazi yangu ni vibendera. Fundi yeyote anayesoma hapa anajua vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya meza, vidogo huwezi kushonea kitu na kutupa unaona uchungu. Kata pembetatu, ziweke mbilimbili, shona pande mbili geuza, kisha zipitishe kwenye cherehani moja baada ya nyingine bila kukata uzi, uzi wenyewe unakuwa kamba. Nusu saa una mita kumi. Mkiwa na fundi mtaani kwenu muombeni vipande vyake, hatakataa, tena atashukuru mmemfagilia.

Mengine ni madogomadogo: ganda la yai unalitoboa juu na chini na sindano unapuliza, ute na kiini vinaingia kwenye chapati na ganda unalipaka rangi, vizibo vya soda unavipondaponda viwe bapa unavitoboa na msumari vikipigwa na upepo vinalia, vifuu vya nazi vikisuguliwa na msasa vinakuwa kengele nzuri mno na havivunjiki. Na nje mkrismasi umeshachanua mwekundu barabara nzima, usiwavunjie watu matawi, okota maua yaliyoanguka asubuhi uweke kwenye sahani ya maji.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo mnisamehe. Gazeti na katani vinashika moto haraka sana kuliko unavyodhani. Mshumaa usikae karibu na mti huu hata dakika moja, na umeme ukikatika usisogeze koroboi watoto waone vizuri. Sisi nyuma ya nyota tunaweka taa ndogo ya sola, haipati moto, na ule mwanga ukipita kwenye gazeti lililopakwa manjano jamani ni mzuri mpaka wapita njia wanasimama.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Muislamu, mabinti zake wawili walikuja kuangalia jinsi tunavyounga chelewa, wakakaa kibarazani jioni nzima wakarudi na maarifa yao, na Idi iliyofuata mlango wao ulikuwa na mwezi na nyota ya chelewa mkubwa kushinda kitu chochote nilichowahi kutengeneza mimi. Vibendera vyangu vya kijani na vyeupe waliviazima kwa Maulidi wakanirudishia vimefuliwa na kupigwa pasi. Ndo mana kwenye ombi langu nimetaja na Idi.

Najua wapo watakaosema mapambo ya gazeti ni ya kimaskini, mgeni akija utaona haya. Mimi wageni wangu wanapokewa na mtoto anayewashika mkono anawaonyesha hii nimefanya mimi, hii kaka, hii ilitaka kuharibika mama akaishona. Ule mti wa plastiki hakuna mtoto aliyewahi kumwonyesha mgeni.

Sasa Mhariri nirudi kwenye ukurasa wangu. Nimeufikiria kama fundi anavyofikiria patani. Mistari ya kukata iwe minene, mkono wa mtoto wa miaka sita haufuati mstari mwembamba. Nyota iwe kubwa, iwe angalau upana wa kiganja cha mtu mzima na vidole vikiwa vimetanuliwa, mkiweka ndogondogo kumi mkasi utazikata zote. Ukurasa wa nyuma yake msiweke tangazo lenye rangi nyeusi nzito, mana ukiweka taa hakipiti kitu. Kama rangi ni gharama toeni nyeusi na nyeupe tu, rangi tutapaka sisi. Na tafadhali utoke wiki ya kwanza ya Desemba sio tarehe 24, huku gazeti moja linasomwa na nyumba nne au tano na kila nyumba ina watoto, inabidi lizunguke na muda wa gundi kukauka uwepo.

Mkiutoa nitawaletea nyota ya kwanza kwa mkono wangu kwa mwakilishi wenu wa hapa Tanga. Mdogo ameshaniuliza mara tatu kama barua nimeipeleka.

Ni mimi,
Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga