Jumamosi: usajili, pesa na risiti zenu

Jamani, habari za jioni. Jumamosi tunakutana saa nane mchana, pale pale. Mahali siandiki hapa, asiyepajua anipigie.

Kubwa ni usajili wa kikundi chetu. Nimesikia manung'uniko kwamba tutakataliwa tu. Wenzetu wa NGLHRC, shirika la Kenya linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja, walikataliwa jina mwaka 2013, wakapanda ngazi za mahakama miaka 10, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaamua, majaji 3 kwa 2, kwamba kuwanyima usajili kwa sababu ya jinsia wanayoipenda ni ubaguzi na kunavunja Kifungu cha 36 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa kuungana. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono ya jinsia moja, bado vipo, tusijidanganye. Ila kuungana si kosa. Rasimu ya katiba ya kikundi nitaileta. Isomeni kabla ya kubishana, tafadhali.

Pili, pesa. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, waelimishaji rika wetu walikaa bila posho, na wengine wakatembea kwa miguu kupelekea watu dawa. Sitaki tena tumtegemee mfadhili mmoja. Napendekeza mchango wa kila mwezi, hata wa bei ya soda.

Mweka hazina anadai risiti, za bodaboda pia. (Ile iliyoandikwa nyuma ya pakiti ya sigara, hapana.)

Halafu majina na picha za wanaochukua ARV (dawa za VVU) au PrEP (dawa za kujikinga na VVU) zisitumwe humu kwenye grupu kamwe. Aliyetuma jana ameshafuta, yamekwisha.